Ilitafutwa Moyoni, Ikaonekana kwenye Kondo

Maneno haya niliyasema Chake Chake, katika ukumbi wa skuli, mbele ya wanafunzi wa sayansi wa kidato cha tano na cha sita, walimu wao, wauguzi wa wodi ya wazazi na wakunga wachache wa jadi waliokubali kuja. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Salamu nimezipunguza, na pale nilipomeza maneno nimeyarudisha.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wauguzi, mama zangu wakunga mliokaa mbele hapa chini ya feni, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti: ahsanteni kwa kuja. Nimeambiwa nina muda mpaka alasiri. Nitajitahidi.

Nimekuja na daftari langu la zamani. Hili hapa. Ni la maabara, la siku nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni nikijifunza kupasua panya wenye mimba. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: wapo panya waliozimwa jeni moja, viinitete vyao vinafia tumboni, na mimi nimepewa niandike vinakufa siku gani na vinakufa kwa nini. Ukurasa huu nimeandika kwa wino wa buluu, na mstari nimepiga chini yake: "moyo dhaifu". Ukurasa wa pili: "moyo dhaifu". Wa tatu nimechoka, nimetia alama ya kurudia tu.

Pembeni, kwa maandishi madogo, nimeeleza nilivyofanya. Nimefungua mfuko wa uzazi, nimetoa kiinitete, nimekiosha, nimekitia kwenye dawa ya kuzuia kuoza. Kilichobaki nimetupa.

Kilichobaki ni nini? Mama zangu hapa mbele naona mshacheka. Ni kondo la nyuma. Zalio. Kitu ambacho muuguzi yeyote aliyemo humu hawezi kukitupa kabla hajakigeuza huku na huku chini ya taa, akahakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani, akahesabu mishipa mitatu ya kitovu. Mimi, na digrii yangu ya kwanza mkononi, nilikitupa kwenye mfuko wa taka.

Basi leo nimekuja kukuhadithieni protini moja ambayo watu wenye akili kunishinda waliitafuta kwenye moyo wa kiinitete, na walipokuja kulitazama kondo ndipo walipoikuta.

Protini hiyo ni kinesi. Vijana mmesoma vimeng'enya. Amilesi ya mate inavunja wanga, hiyo mnaijua tangu kidato cha pili. Kinesi haivunji kitu. Kazi yake ni kuchukua fosfeti moja kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika juu ya protini nyingine. Fosfeti ni kidude kidogo sana, lakini kina chaji hasi, na protini ikipachikwa chaji mahali ambapo haikuwa nayo hujikunja upya. Mtu mmoja akihamia upande wa pili wa ngalawa, chombo kizima hubadilisha mkao, na tanga wala hujaligusa. Protini iliyokuwa imelala huamka. Iliyokuwa macho huenda ikalala. Tena kuna vimeng'enya vingine ambavyo kazi yao ni kuibandua fosfeti ile, mambo yarudi yalivyokuwa.

Waliogundua habari hii ya kupachika na kubandua ni Edmond Fischer na Edwin Krebs, huko Seattle, Marekani, miaka ya 1950. Wala hawakuwa na habari na mimba. Walikuwa wanataka kujua msuli unaifunguaje akiba yake ya sukari unapofanya kazi. Zawadi ya Nobel wakapewa mwaka 1992. Nyinyi mnaolalamika kwamba matokeo ya mtihani yanachelewa, pigeni hesabu hiyo.

Binadamu ana kinesi zaidi ya 500. Nyingi hazifanyi kazi peke yake. Zimepangwa moja juu ya moja. Mtu akiuona mwezi kule Konde, hapigi kelele kisiwa kizima kimsikie. Anamwambia sheha, habari inapanda, inathibitishwa, halafu kila msikiti unatangaza kwa spika yake na watu maelfu wanajua kesho ni Mosi. Ndani ya seli ni hivyo hivyo. Kinesi ya juu inaziwasha za kati, kila moja ya kati inaziwasha nyingi za chini, na habari iliyoanza na molekuli chache nje ya seli inafika kwenye jeni ikiwa imeshakuwa kubwa.

Hii yetu inakaa chini kabisa ya ngazi, karibu na kazi yenyewe. Jina lake p38. Halina ushairi wowote jina hilo: 38 ni uzito wake kwa kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli. Ilielezwa mwaka 1994, California, na watafiti waliokuwa wakizimwagia seli sumu inayotoka kwenye ganda la bakteria na kutazama protini gani inapachikwa fosfeti. Mwaka huo huo, watu wa kampuni ya dawa waliokuwa wakitafuta kwa nini dawa zao zinatuliza uvimbe na homa nao wakakamata kitu kilichoshikwa na dawa zile. Wakalinganisha, ni protini ile ile. Baadaye ikaonekana wako ndugu wanne: alfa, beta, gama na delta. Leo nazungumzia alfa.

Ina jamaa yake hata kwenye hamira. Ndiyo, hamira hii ya vitumbua. Jamaa huyo anaitwa Hog1. Chukua hamira uitie kwenye maji ya chumvi kali: maji yaliyomo ndani ya seli yanataka kutoka, seli inasinyaa. Hapo Hog1 inaamka na kuiamrisha seli itengeneze gliseroli, na gliseroli inayazuia maji yasikimbie. Hamira iliyozimwa Hog1 kwenye chumvi haioti. Kwa hiyo ukoo mzima huu una sifa ya kuamka wakati wa shida: chumvi, joto, mionzi, sumu ya bakteria.

Sasa jiwekeni mahali pa mtafiti wa mwaka 1995. Una kinesi ya shida na maradhi. Kiinitete kimetulia tumboni, hakina maradhi, hakina chumvi, kimefichwa gizani. Ungedhani kinaihitaji? Wengi hawakudhani. Na kidalili kingine kiliwatia moyo: p38 ina msaidizi mkubwa, kinesi nyingine iitwayo MK2, na mwaka 1999 ilionekana kwamba panya aliyezimwa MK2 anazaliwa, anakua, na sumu ya bakteria haimwangushi kama wenzake. Watu wakatarajia p38 alfa nayo ukiizima utapata panya mzima asiyepata uvimbe.

Namna ya kuizima inajulikana. Waliobuni njia hiyo ya kuzima jeni moja iliyochaguliwa ndani ya panya, Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies, walipewa Nobel mwaka 2007. Unapata panya mwenye nakala moja nzima na nakala moja iliyozimwa. Huyo hana tatizo. Unamwoza na mwenzake wa namna hiyo hiyo. Mendel, yule aliyegundua kanuni za urithi, anasema robo ya watoto watakosa nakala zote mbili. Unasubiri siku 19 au 20, panya anazaa, unahesabu. Robo ile haipo.

Mwaka 2000 makundi kadhaa, kila moja kivyake, yalichapisha habari hiyo hiyo: p38 alfa ikikosekana, viinitete vinafia tumboni, kiasi cha katikati ya mimba, kuanzia siku ya 10 hadi ya 12 au zaidi kidogo. Ukivitazama kwa darubini unaona misuli ya moyo miembamba na mishipa ya damu ya kichwani haikupangika vizuri. Mtu yeyote angeandika nilivyoandika mimi kwenye daftari hili.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu siku ile ya 10 ina siri.

Kiinitete cha panya tumboni hakianzi na kondo. Siku za mwanzo kinalishwa na mfuko wa kiini uliokizunguka. Kwenye siku ya 8 na nusu hivi, kitu kinachotokea upande wa mkia wa kiinitete kinakua kama kikamba, kinagusa utando wa kule juu, na mishipa ya damu inaanza kupenya. Kufika siku ya 10 kondo limekabidhiwa kazi. Kiinitete ambacho kondo lake halikuwa tayari hakidhuriki siku ya 7 wala ya 8. Kinadhurika siku ya kukabidhiana.

Ndani ya kondo la panya kuna tabaka ambalo wanasayansi wameliita kwa jina la Kiyunani lenye maana ya njia zinazopotezana. Mimi naliita tabaka la vichochoro, na aliyewahi kupotea Mji Mkongwe baina ya Shangani na Malindi ananielewa. Damu ya mama inapita kwenye vichochoro, damu ya mtoto inapita kwenye mishipa iliyomo ndani ya kuta. Zinapishana karibu karibu, mtu na jirani yake, ukuta baina yao mwembamba kuliko karatasi, na hazichanganyiki. Oksijeni na chakula vinavuka kuja huku; hewa chafu na uchafu mwingine vinavuka kwenda kule. Vichochoro vikiwa vichache au mishipa ya mtoto ikishindwa kuingia ukutani, biashara yote imekwama.

Na kuta zile ni za nani? Nimeuliza swali hili kwenye skuli nyingi na karibu kila mara naambiwa ni za mama. Siyo. Sehemu kubwa ya kondo inatokana na yai lile lile lililorutubishwa lililomtoa mtoto. Seli zinapokuwa bado chache, za nje zinashika njia ya kuwa kondo, za ndani zinashika njia ya kuwa mwili. Ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana ya ndani kabisa. Kondo lina jeni za baba kama mtoto alivyo na jeni za baba. Kwa hiyo ukizima jeni kwenye kiinitete, umeizima na kwenye kondo. Ndiyo maana mtego huu ni mbaya: umefanya kitendo kimoja, kimeingia nyumba mbili, halafu unakwenda kuchungulia nyumba moja tu.

Wakubwa mnaikumbuka Disemba 2009. Unguja ilikaa mpaka Machi 2010 bila umeme wa kawaida. Huku Pemba tulikuwa bado na majenereta ya Wesha. Waya wetu wa kutoka Tanga ulikuwa haujawashwa. Mimi nilikuwa Unguja, nimepanga chumba kwenye majumba ya Michenzani. Usiku wa kwanza jirani yangu alibadilisha balbu. Asubuhi akaita fundi atazame fyuzi. Friji lake halikugandisha, akasema limeharibika, na kweli samaki waliomo walioza. Mfereji ukakauka, akasema bomba limeziba. Kila alichokigusa kilikuwa na dalili, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na ubovu. Hitilafu ilikuwa kwenye waya wa chini ya bahari, unaotoka Ras Kiromoni bara na kupanda Fumba. Maji hayakuja kwa sababu pampu hazikuwa na umeme. Friji halikuwa bovu.

Moyo wa kiinitete kisichopata oksijeni utakuwa mwembamba. Utaandika "moyo dhaifu", na hutokuwa umesema uongo. Utakuwa umeandika habari za friji.

Sasa utalijuaje friji bovu na waya mbovu, ndani ya mnyama wa ukubwa wa punje ya kunde? Hapa ndipo nilipotaka kufika, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu jaribio hili kwangu mimi ni miongoni mwa mazuri niliyowahi kuyasoma.

Ralf Adams, Angel Nebreda na wenzao, wakifanya kazi Heidelberg, Ujerumani, walitumia mbinu ifuatayo. Chukua kiinitete kizima, chenye afya, kikiwa na seli mbili tu. Kipige mshtuko mdogo wa umeme. Seli zile mbili zinaungana kuwa moja, na seli hiyo sasa ina seti nne za kromosomu badala ya mbili. Itaendelea kugawanyika kama kawaida, lakini ina tabia ya ajabu: seli zake zinaweza kujenga kondo vizuri sana, na mwili wa mtoto haziwezi. Ukizichanganya na seli za kawaida, zile zenye seti nne zinasogea zenyewe kwenda upande wa kondo, na mwili unaachiwa wenzao.

Mmeona mtego unavyofunguka? Unachukua seli za kiinitete kilichokosa p38 alfa. Unazigandamiza pamoja na seli zenye seti nne, zenye p38 alfa nzima. Unazirudisha tumboni mwa panya jike. Unapata mimba ambayo kondo lake lina kinesi na mtoto wake hana. Umebadilisha waya, balbu umeiacha ile ile.

Wakasubiri siku ya 10 ipite. Ikapita. Siku ya 12 ikapita. Viinitete vikaendelea kukua. Moyo na mishipa ya damu, vile vilivyokuwa vikionekana vibovu, vikaonekana vya kawaida. Bila ya p38 alfa ndani yake hata chembe.

Waliporudi kulitazama kondo la wale waliokufa, waliona lililokuwepo siku zote: tabaka la vichochoro limepungua, mishipa ya mtoto haikuingia ilivyotakiwa, tabaka la juu yake lenye seli kama sponji limepungua nalo, na seli nyingi zimekufa kuliko kawaida. Kinesi ya shida na maradhi ilikuwa fundi wa kondo.

Ngazi ya juu yake ikatoa ushahidi wa pili. Zinazoiwasha p38 hasa ni kinesi mbili, MKK3 na MKK6. Zima moja, panya anazaliwa. Mwenzake anashika zamu. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba ukizizima zote mbili kwa pamoja kiinitete kinakufa katikati ya mimba, na kwenye kondo mishipa haikukamilika. Mauti yale yale, wakati ule ule. Unapozima swichi tofauti ya waya mmoja ukapata giza la namna moja, una haki ya kuuamini waya.

Ningeweza kuishia hapa na mngenipigia makofi. Lakini hadithi hii ina mashimo, na nisingependa mwalimu wa baiolojia aliyemo humu aje anivue nguo kwenye chai.

Shimo la kwanza ni damu. Kundi jingine mwaka huo huo wa 2000 liliona kwamba baadhi ya viinitete visivyo na p38 alfa vilivuka ile siku ya kukabidhiana, kisha vikafa baadaye vikiwa na upungufu mkubwa wa damu. Sababu yake ni erithropoietini, homoni inayoamrisha chembe nyekundu zitengenezwe; bila p38 alfa haikutolewa ya kutosha. Kwa hiyo kazi za kinesi hii haziishii kwenye kondo. Kwa nini kundi moja lione wanakufa siku ya 11 na jingine wavuke? Ukoo wa panya una neno hapo. Jeni moja iliyozimwa haikai kwenye mwili mtupu, inakaa pamoja na jeni nyingine maelfu, na hizo hazifanani kutoka ukoo mmoja wa panya hadi mwingine.

Shimo la pili ndilo linaloniumiza, kwa kuwa linanirudisha kwenye moyo nilioutoa hatiani. Ndugu yake beta. Panya aliyezimwa p38 beta peke yake ni mzima wa afya, anazaa na kuzeeka. Ukizima alfa na beta kwa pamoja ndani ya mwili wa kiinitete, kondo ukiliacha salama, moyo unaharibika. Maana yake moyo ulikuwa unahitaji p38 tangu mwanzo. Ila alfa ilipoondoka beta ilishika kazi. Kondo halikuwa na bahati hiyo. Wenye daftari kama langu tulikuwa tumekosea njia, na mahali tulipotaja palikuwa na neno lake.

Na la tatu nalipitia haraka: dawa zinazozuia p38, ukiziweka kwenye sahani pamoja na viinitete vya panya vya siku mbili au tatu, vinasimama vikiwa na seli 8 hadi 16. Lakini waliozimwa jeni ya alfa wanavuka hapo bila shida. Dawa huzuia alfa na beta kwa pamoja, na huenda zikagusa na vingine. Na yai lenyewe huja na akiba ya protini kutoka kwa mama. Mimi nawaambia wanafunzi wangu, dawa na jeni ni mashahidi wawili tofauti, na hakimu hawachanganyi.

Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya kazi kubwa iliyoongozwa kutoka Cambridge, Uingereza, na Myriam Hemberger na wenzake. Walichukua aina 103 za panya ambao jeni yao ikizimwa kiinitete hakifiki kuzaliwa, au wachache tu hufika, na mara hii kondo hawakulitupa. Katika zile ambazo kifo kinakuja kuanzia katikati ya mimba na kuendelea, takriban asilimia 68 zilikuwa na kasoro kwenye kondo. Na kasoro za kondo zilikwenda sambamba na kasoro za moyo, mishipa ya damu na ubongo. Fikirini makaratasi mangapi duniani yameandikwa "jeni hii ni ya moyo".

Nilipoyasoma matokeo yale nilikwenda kabatini nikalitoa daftari hili. Jeni niliyokuwa nikiishughulikia haikuwa p38, ilikuwa nyingine kabisa. Nilitaka kujua kurasa zile ngapi ni za moyo na ngapi ni za kondo. Siwezi kujua. Nilitupa.

Kufa kwa kiinitete kunakuambia lini. Wapi, hakukuambii, na mimi nilikuwa nikisoma "lini" nikiandika "wapi".

Kabla ya maswali, nina neno kwa mama zangu na wauguzi, kwa sababu najua kesho mtaulizwa mitaani. Haya niliyoyasema ni ya panya. Mtu akija kwenu mimba yake imetoka, msimwambie ni kinesi. Kwa binadamu, karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo hukutwa na hitilafu ya kromosomu, hilo limeangaliwa sana. Hakubeba ndoo, hakupanda ngazi, hakuangaliwa vibaya na wifi yake. Na wala sijasema kondo ni la mama ili mtu amtupie mama lawama upya. Nimesema kinyume chake, na naomba lisigeuzwe njiani kati ya hapa na stendi.

Aliuliza bibi mmoja mkunga, mstari wa mbele, je hao panya kondo lao linazikwa? Watu walicheka. Nikamjibu kwamba panya jike akishazaa hulila mwenyewe, na hilo likawachekesha zaidi, lakini swali lake mimi nililiona na uzito. Sisi husema "hapa ndipo nilipozikwa kitovu changu" tukitaja kwetu. Kitovu changu kiko Ole, chini ya mnazi ambao sasa haupo tena. Kitovu na kondo ni kamba moja. Wazee wetu walivipa kaburi. Mimi niliyesoma nikavipa mfuko wa taka. Nikamwambia hivyo hivyo.

Kijana mmoja wa kidato cha sita akauliza: "Mwalimu, wale waliobadilishiwa kondo, waliishi?" Swali zuri kuliko yote. Mwaka 2007 kundi la Vienna, Lijian Hui, Erwin Wagner na wenzao, walifanya jambo la karibu na hilo kwa njia nyengine: waliizima p38 alfa kwenye mwili wa mtoto tu, kondo wakaliacha na kinesi yake. Watoto walizaliwa. Walitimiza siku zao zote tumboni, kama wenzao. Halafu wakafa muda mfupi baada ya kuzaliwa, na dalili zilielekea kwenye mapafu.

Alibaki amesimama, kama anasubiri niongeze kitu. Nikamwambia afikirie: tumboni mapafu hayana kazi ya kuvuta hewa, kondo ndilo linalovuta kwa niaba yake. Kwa hiyo yale yalikuwa makabidhiano mengine. Siku ya 10, mfuko wa kiini unalikabidhi kondo. Siku ya kuzaliwa, kondo linayakabidhi mapafu. Aliyevuka la kwanza kwa kubadilishiwa waya, la pili alilikuta peke yake.

Akakaa. Sikuwa na zaidi ya hilo la kumpa.

Sasa, pale kwenye meza ya pembeni kuna darubini mbili. Ya kushoto ina kipande cha kondo la panya, ya kulia kondo la binadamu la miezi tisa, vyote vimetiwa rangi. Zambarau ni viini vya seli, waridi ni vingine vyote. Anzeni na ya kushoto, mtafute vichochoro. Mkiona chembe nyekundu ndogo zimejazana kwenye uwazi, hiyo ni damu ya mama. Zilizomo kwenye kimshipa chembamba ukutani ni za mtoto. Mama zangu wakunga watangulie. Na tafadhali, lenzi msiziguse kwa vidole.